Barua ya Desemba: mwalimu wa shule binafsi na safari ya kwenda CMA

Kila mwaka shule zikishafunga, steshenari yangu hapa Kabwe, Mbeya, hugeuka ofisi ya walimu. Wanatoka Uyole, Mbalizi, Tukuyu, wengine Chunya, kila mmoja na bahasha ya kaki mkononi. Ndani ya bahasha kuna barua ya aya mbili: uongozi unakushukuru kwa mchango wako, uongozi hautaendelea na huduma yako. Nilifundisha Uraia na Kiswahili shule binafsi miaka mingi kabla ya kununua printa, na pale shuleni wenzangu walinichagua kuwa mwakilishi wao, ndiyo maana hadi leo naitwa Mwalimu na wateja wanaokuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa. Mimi si wakili. Nachapa fomu, na jioni wateja wakipungua nasoma hukumu za kesi za kazi, kwa sababu nazipenda kama wengine wanavyopenda mpira.

Nilichojifunza kwenye hukumu hizo ni kwamba madai mengi ya walimu hayafii kwenye ukweli. Yanafia kwenye tarehe na kwenye fomu. Kwa hiyo humu nitakaa zaidi kwenye mambo hayo mawili.

Kwanza hakikisha mlango ni wako. CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, ipo Mbeya, ipo Iringa, ipo Njombe, na haitozi ada ya kufungua mgogoro. Lakini kama umeajiriwa na serikali, hata uwe umeonewa namna gani, usianzie huko. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma kinamtaka mtumishi amalize kwanza njia za ndani ya utumishi wenyewe. Kwa mwalimu wa serikali, njia hizo zinaanzia Tume ya Utumishi wa Walimu ngazi ya wilaya. Mahakama ya Rufani ililishikilia hilo mwaka 2022 katika rufaa ya Shirika la Posta, Rufaa ya Madai Na. 12 ya 2022: CMA haikuwa na mamlaka ya kusikiliza, na yote yaliyofanyika huko yakawa bure. Fikiria miaka ya kwenda na kurudi, halafu unaambiwa ulibisha hodi nyumba ya jirani.

Wa shule binafsi, tuendelee.

Hesabu siku kabla ya kuhesabu hela

Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi, Tangazo la Serikali Na. 64 la 2007, kanuni ya 10, zinatoa siku 30 kwa mgogoro wa kuachishwa kazi, kuanzia tarehe ya kuachishwa au tarehe mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Migogoro mingine, kama mishahara isiyolipwa, ina siku 60. Ni siku za kalenda, Jumapili imo, Krismasi imo. Siku ya kwanza haihesabiwi, ya mwisho inahesabiwa, ila ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu unasogea mbele.

Chukua barua ya Desemba 5. Siku yako ya mwisho ni Januari 4. Barua ya Desemba 13 inafika Januari 12, Sikukuu ya Mapinduzi, kwa hiyo unaweza kuwasilisha siku ya kazi inayofuata. Lakini nakuomba usiwe mtu wa kucheza na siku ya mwisho. Basi la kutoka Chunya likiharibika njiani, kanuni haijui basi.

Sasa angalia kalenda ya mwalimu ilivyo. Shule inafunga, unaambiwa kwa mdomo, "nenda likizo, tutawaita Januari." Unakwenda kwenu Kyela au Makete kulima. Shule inafunguliwa, husikii simu. Unapiga, haipokelewi. Mwishoni unamuuliza mwenzako, anakwambia kuna kijana mpya anafundisha Fizikia yako, na wewe umetolewa kwenye grupu la WhatsApp tangu wiki ya Krismasi. Hapo mwajiri atasema muda ulianza Desemba, wewe utasema Januari, na mkibishana atakayeshinda ni mwenye karatasi. Kwa hiyo ukiambiwa kwa mdomo, andika barua au ujumbe siku hiyo hiyo: "Leo tarehe fulani umeniambia hivi, naomba uthibitisho kwa maandishi." Asipojibu, ujumbe wako unabaki na tarehe yake.

Kitu kingine kinachowaponza watu wapole wa huku kwetu ni mazungumzo. Mwajiri anasema tusifike mbali, njoo Jumatatu, mkurugenzi yuko safarini, njoo baada ya sikukuu. Zungumza naye, hakuna ubaya, ila fomu iwe imeshaingia. Mahakama ya Rufani ilishasema, katika Rufaa ya Madai Na. 265 ya 2020 iliyowahusu Wadhamini wa Hifadhi za Taifa, kwamba mazungumzo ya kutafuta suluhu hayasimamishi muda wa kufungua shauri. Kesi yenyewe haikuwa ya mwalimu, lakini muda ni muda.

Ukiwa umeshachelewa, kuna fomu Na. 2 ya CMA, ya kuomba ucheleweshaji wako usamehewe, pamoja na kiapo. Humo unaeleza kila siku iliyopita, siyo jumlajumla. "Nilikuwa naumwa" peke yake haitoshi. Uliumwa lini hadi lini, hospitali gani, cheti kiko wapi, na baada ya kupona ulifanya nini hadi siku ya kuwasilisha. Pale kwenye siku zisizo na maelezo ndipo maombi hukwama.

Usichosaini

Sitakaa sana hapa. Usiandike barua ya kujiuzulu ili "upewe haki zako haraka." Usisaini karatasi inayosema umelipwa kila kitu na huna dai lolote, kama hujalipwa. Wakikulazimisha kusaini ili upokee barua, andika pembeni kwa mkono wako: "nimepokea tu, sikubaliani na yaliyomo," kisha tarehe. Ukijiuzulu mwenyewe utatakiwa uthibitishe kwamba mwajiri alifanya kazi isivumilike. Inawezekana, sheria inalitambua hilo, lakini ni mlima wa peke yake.

Mkataba wako ni wa aina gani

Hapa ndipo penye utelezi, na walimu wengi hawapaoni kwa sababu neno linalowauma ni moja tu: nimefukuzwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatofautisha. (Namba za vifungu nitakazotaja ni za toleo la 2019. Toleo jipya la sheria zetu lilianza kutumika Julai 2025, kwa hiyo ukinakili kifungu kwenye fomu hakikisha namba yake kwenye toleo hilo.)

Mwenye mkataba usio na mwisho analindwa na kifungu cha 37: mwajiri athibitishe sababu halali na ya haki, na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Mzigo wa kuthibitisha ni wake, kifungu cha 39. Utaratibu umeelezwa kwenye Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, kanuni ya 13: uchunguzi ufanyike, upewe tuhuma kwa lugha unayoielewa, upewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, uje na mwenzako au mwakilishi wa chama, usikilizwe, kisha upewe uamuzi na sababu zake. Kuitwa ofisini saa nne na kukabidhiwa barua saa tano, hapo hakuna kikao.

Ila walimu wengi wa shule binafsi wana mikataba ya mwaka mmoja au miwili. Huo ukikatwa katikati, kwa mfano Agosti wakati unaisha Desemba, dai lako la kawaida ni ukiukwaji wa mkataba, na unadai miezi iliyobaki. Ukiisha wenyewe Desemba, umeisha. Isipokuwa kama ulikuwa na matarajio ya msingi kwamba utaongezewa, na mwajiri akakataa. Hilo sheria inalihesabu kuwa ni kuachishwa kazi, kifungu cha 36(a)(iii), lakini matarajio hayo ni lazima uyaonyeshe wewe. Kusema tu ulitumaini hakutoshi. Alikuja hapa mwalimu mmoja wa Hisabati, ameshaongezewa mkataba mara kadhaa huko nyuma, anasema hana ushahidi wowote. Nikamwambia fungua simu. Kumbe Novemba mtaaluma alimtumia ujumbe: "Mwl, naomba azimio la kazi la muhula wa kwanza kidato cha tatu kabla ya tarehe 30." Na ratiba ya Januari ilishabandikwa ukutani, yeye akaipiga picha kuangalia vipindi vyake vya Ijumaa. Mwalimu anayeombwa azimio la kazi la mwaka ujao ana sababu ya kutarajia mwaka ujao. Tukachapa vyote viwili, na mikataba ya zamani juu yake.

Ambaye hajamaliza miezi 6 kwa mwajiri huyo, ulinzi wa kuachishwa isivyo haki haumgusi, kifungu cha 35. Na muda wa matazamio, yaani wa majaribio kazini, ukipita kimya kimya, usijihesabu umethibitishwa. Mahakama ya Rufani ililitolea uamuzi hilo katika Rufaa ya Madai Na. 61 ya 2016 dhidi ya Benki ya NMB: kuthibitishwa hakuji kwa kimya cha mwajiri. Kwa hiyo miezi ya matazamio ikiisha, omba barua ya kuthibitishwa kwa maandishi. Usione aibu.

Na kama hujawahi kupewa mkataba wa maandishi? Usikate tamaa. Kifungu cha 15(6) kinasema mwajiri akishindwa kuleta maandishi ya masharti ya kazi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unamwangukia yeye. Kusanya ulivyonavyo: taarifa ya benki yenye mshahara, michango ya NSSF, kitambulisho cha shule, daftari la mahudhurio, hata picha ya mahafali umevaa sare ya walimu.

Fomu Na. 1

Fomu hii ndiyo kesi yenyewe. Watu wanaijaza wakiwa wamesimama kwenye kaunta yangu, kalamu ya kuazima, huku foleni ya kopi inawasukuma. Kaa chini. Nina stuli mbili.

Sehemu ya kwanza ni ya kila mgogoro: wewe nani, unamlalamikia nani, mgogoro ni wa nini, ulianza lini, wapi, unataka nini. Sehemu B ni kwa ajili ya kuachishwa kazi tu. Hapo mitego miwili inasubiri.

Mtego wa kwanza ni kuweka tiki kila mahali. Mtu ana hasira, anatia alama kuachishwa kazi, anatia ukiukwaji wa mkataba, anajaza na Sehemu B, akiamini moja likigonga mwamba jingine litapita. Mahakama Kuu hapa hapa Mbeya, katika Marejeo Na. 38 ya 2017 (marejeo ni maombi ya kuupitia upya uamuzi wa CMA) yaliyohusu shule ya sekondari, ilikataa kuchanganya madai hayo mawili kwa namna hiyo. Chagua kulingana na mkataba wako. Kama mkataba ni wa muda maalumu na umekatwa katikati, andika ukiukwaji wa mkataba na Sehemu B uiache. Ukiwa na mashaka, hapa ndipo pa kumlipa wakili ushauri wa nusu saa, siyo baada ya kushindwa.

Mtego wa pili ni jina la mwajiri. Ubao wa getini unasema shule fulani, lakini mkataba unasema Wadhamini Waliosajiliwa wa dayosisi fulani, au kampuni yenye jina la familia. Nakili jina la kwenye mkataba herufi kwa herufi. Kama mkataba huna, tazama hati ya mshahara au taarifa ya NSSF. Tuzo, yaani uamuzi wa CMA, iliyotolewa dhidi ya jina lisilo na mtu nyuma yake ni karatasi ya kufungia maandazi.

Kwenye unachodai, andika vyote sasa: notisi (siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi), likizo usiyochukua, mishahara ya nyuma, kiinua mgongo kama umetimiza mwaka, nauli ya kurudi ulikoajiriwa, cheti cha utumishi. Mahakama Kuu imerudia mara nyingi kwamba fomu hii ndiyo hati ya madai, na ambacho hakimo hakiwezi kuchomekwa baadaye kwa mdomo. Kiinua mgongo kina hesabu yake: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Aliyeachishwa kwa utovu wa nidhamu kwa haki hapati.

Ukishajaza, toa nakala. Moja inakwenda kwa mwajiri kabla hujawasilisha CMA, na arudishe saini, tarehe na mhuri kwenye nakala yako. Mlinzi akikuzuia getini, usigombane naye, naye ana mkataba wa Desemba. Nenda Posta, tuma kwa rejesta, tunza risiti, na ubandike risiti hiyo kwenye fomu.

Ukitaka kusoma hukumu mwenyewe

Nakushauri usome, hata mbili tu, kabla ya siku yako. Tovuti ya TanzLII ni ya bure, na simu ya kawaida inatosha. Nyingi bado ziko kwa Kiingereza, ingawa tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Ukiona TZCA kwenye namba ya hukumu, hiyo ni Mahakama ya Rufani, inaifunga Mahakama Kuu na CMA. TZHC ni Mahakama Kuu, na TZHCLD ni Divisheni yake ya Kazi.

Usianze ukurasa wa kwanza ukasoma kama hadithi. Tazama juu: mahakama gani, mwaka gani, nani alikata rufaa. Kisha ruka hadi mwisho uone amri iliyotolewa. Ndipo urudi katikati utafute pale jaji anapojiuliza swali lake, kwa kawaida baada ya kumaliza kueleza hoja za pande mbili. Yanayofuata swali hilo ndiyo yenye uzito. Kurasa za mwanzo zenye "mlalamikaji alidai" siyo uamuzi wa mahakama, na nimeshaona watu wakizinakili kwa fahari kumbe wananakili hoja iliyoshindwa. Ukipenda hukumu ya Mahakama Kuu, tafuta tena majina hayo upande wa Mahakama ya Rufani. Huenda ilishatenguliwa.

Kwa mikataba ya muda maalumu anza na Rufaa ya Madai Na. 377 ya 2021, ya Shule ya Sekondari St. Joseph Kolping, iliyoamuliwa mwaka 2022. Ni ya shule, mazingira utayatambua.

Siku ya usuluhishi

Nenda, na uwahi. Mlalamikaji asipofika, msuluhishi anaweza kuufuta mgogoro. Mlalamikiwa asipofika, anaweza kuuamua. Unaruhusiwa kwenda na wakili, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, au mtu uliyemchagua mwenyewe. Usuluhishi una siku 30, na yanayosemwa humo hayabebwi kwenda kutumiwa dhidi yako mbele, kwa hiyo sema unachoweza kukubali. Jua kiasi chako kabla ya kuingia. Mkikubaliana, soma kila mstari kabla ya saini: kiasi, tarehe ya kulipa, na nani analipa kodi. "Atalipa hali ikiruhusu" siyo tarehe.

Beba simu yenyewe yenye ujumbe, siyo picha za skrini pekee. Nitakuchapia picha, lakini simu ndiyo itakayoulizwa.

Nina neno kwa walimu wajawazito, kwa sababu barua zao nazijua kwa harufu. Haziandiki ujauzito hata siku moja. Zinaandika "umejiondoa kazini" kwa mtu aliyekuwa likizo ya uzazi, au "nafasi imepunguzwa" wiki ileile nafasi inapotangazwa upya. Likizo hiyo ni siku 84, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kifungu cha 37(3) kinasema sababu inayohusu ujauzito si sababu ya haki ya kuachisha kazi, na kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kwa ujauzito, jinsia, dini, kabila, ulemavu, VVU na mengine. Kwa hiyo peleka kadi ya kliniki, barua ya kuomba likizo yenye mhuri wa kupokelewa, na tangazo la nafasi yako ulilolikuta kwenye mtandao au kwenye nguzo ya umeme Mwanjelwa. Tarehe za vitu hivyo vitatu zikipangwa mezani, zinaongea.

Usuluhishi ukishindikana utapewa hati inayosema hivyo, na mgogoro unaingia hatua ya uamuzi, yenye mashahidi na vielelezo. Ukishindwa huko, una wiki 6 tangu upewe tuzo kuomba marejeo Mahakama Kuu, kifungu cha 91, ukitanguliza fomu Na. 10 ya kutoa taarifa CMA. Andika tarehe uliyopokea tuzo kwenye bahasha yake, palepale mlangoni, kabla hujapanda bajaji.